Fundi kafungua kompyuta bila kuijua paswadi ya zamani. Sasa hiyo paswadi inakaa wapi?

Mama_Steshenari (Soweto, Mbeya)

Habari zenu jamani, naombeni mnieleweshe hii kitu maana wiki nzima silali vizuri. Nina kaduka ka steshenari hapa Soweto, natoa kopi, naskani, nachapa barua na kufanya laminesheni, na mashine ninayoitegemea ni kompyuta moja ya mezani ya Windows 10 Pro nilinunua used. Kuna binti alikuwa ananisaidia, kompyuta anaijua kuliko mimi mbali sana, mwezi uliopita kaenda chuo Iringa na laini yake haipatikani, kumbe kabla ya kuondoka alibadilisha paswadi kwa sababu wateja walikuwa wanachungulia wakati anaandika, afu akasahau kuniambia.

Nikaibeba mpaka kwa fundi Mwanjelwa. Akachomeka flashi, akawasha, ikatokea skrini nyeusi ya maandishi, hata dakika kumi hazikuisha kompyuta ikawaka moja kwa moja bila kuuliza paswadi. Nikafurahi. Nikamwambia basi kaka nitajie na ile paswadi ya zamani, akanijibu haiwezekani, haimo humo ndani. Nikamuuliza kama haimo humo, mbona nikikosea herufi moja ilikuwa inajua nimekosea? Akasema mama hayo mambo marefu.

Sasa kibaya zaidi. Kuna folda ya vyeti vya wateja, vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya shule, kopi za vitambulisho, vitu ambavyo watu waliniachia niwachapie. Kila faili lina kakufuli kadogo kwenye picha yake na nikifungua inakataa, inasema sina ruhusa. Fundi anasema dawa ni kupiga Windows upya. Nimemwambia asubiri.

Maswali yangu ni matatu: paswadi inakaa wapi, kwa nini fundi hawezi kuisoma lakini anaweza kuiondoa, na kama yeye kaiondoa kwa dakika kumi mwizi akibeba hiyo kompyuta si atafanya hivyohivyo? Msinicheke, ni vitu vya watu hivi.

Fundi_Makambako

Mama shikamoo. Kwanza kabla ya yote USIPIGE WINDOWS UPYA. Tafadhali. Ukipiga upya hivyo vyeti ndo basi tena, ntakueleza kwa nini huko chini.

Fundi wako hajakudanganya, paswadi yenyewe kweli haimo. Windows ina faili linaitwa SAM, lipo C:\Windows\System32\config\SAM, humo ndo kuna majina ya akaunti zote za hiyo mashine. Ila kwenye nafasi ya paswadi hawaandiki paswadi, wanaandika kitu kinaitwa hashi. Chukulia mashine ya kusaga. Umepeleka mahindi umetoka na unga. Huo unga hakuna fundi duniani atakurudishia punje zako zikiwa nzima. Lakini ukipeleka mahindi ya aina ileile, kiasi kilekile, mashine ileile, unapata unga uleule. Kompyuta ilichotunza ni unga. Ukiandika paswadi pale mwanzo inasaga ulichoandika palepale, inalinganisha unga na unga, ukifanana unaingia, usipofanana inakwambia umekosea. Ndo maana inajua umekosea bila kujua iliyo sahihi ni ipi.

Alichofanya fundi ni kuwasha mashine kwa flashi. Windows ikiwa inafanya kazi yenyewe hilo faili la SAM linashikiliwa, huwezi hata kulikopi kawaida. Lakini ukiwasha kwa mfumo mwingine kutoka kwenye flashi, Windows imelala, SAM ni faili tu kama mafaili mengine. Akaenda kwenye akaunti yako akafuta ile hashi akaacha patupu. Kwa Windows patupu maana yake akaunti haina paswadi, pita.

Kijana_Mafinga

Hapo kwenye kusema haiwezi kusomwa napinga kidogo mkuu. Mi nilishaona kwa macho yangu jamaa kaweka programu, ikakaa kama sekunde tatu ikaleta paswadi ya mtu vilevile ilivyo, herufi kwa herufi. Sasa ule unga uligeukaje mahindi?

Fundi_Makambako

Haukugeuka, ulibahatishwa. Ile programu inachukua maneno mengi sana, majina ya watu, namba za simu, tarehe, timu za mpira, inasaga moja moja na kulinganisha. Likifanana inakuonyesha lile neno. Kwa hiyo jamaa hakuisoma, aliikuta.

Na kwa Windows ni rahisi kwa sababu mbili. Ya kwanza hashi yake inaitwa NTLM, ndani inatumia njia ya kusaga ya MD4 ambayo ni kazi ya mwaka 1990, ni nyepesi mno, kadi nzuri ya picha inajaribu mabilioni kwa sekunde. Piga hesabu, paswadi ya herufi ndogo nane kuna mchanganyiko kama bilioni 209. Ukiwa na mashine inayojaribu bilioni 100 kwa sekunde hiyo ni sekunde mbili zimeisha. Ongeza ziwe herufi kumi na mbili, bado ndogo tupu, inakwenda kwenye siku kumi na moja. Urefu ndo unaookoa.

Sababu ya pili NTLM haina chumvi, yaani herufi za kubahatisha za kuchanganya na paswadi kabla ya kusaga. Mtu yeyote duniani akiweka 123456, iwe Makambako au Marekani, hashi yake ni 32ed87bdb5fdc5e9cba88547376818d4. Ileile. Itafute intaneti utaona wenyewe wanakutajia jibu bila hata kusaga. Na zamani ilikuwa mbaya zaidi, kulikuwa na hashi ya LM, inageuza herufi zote kuwa kubwa, inaikata paswadi vipande viwili vya herufi saba saba, kila kipande kinasagwa kivyake, mwisho herufi 14. Kuvunja vipande viwili vifupi ni kazi ndogo mno ukilinganisha na kuvunja kimoja kirefu. Kuanzia Windows Vista ndo wakaacha kuitunza hiyo LM.

Hilo faili la SAM wamelifunga kwa msimbo kweli, lakini ufunguo unatokana na faili jingine linaitwa SYSTEM, lipo folda hiyohiyo, diski hiyohiyo. Ni kama kufunga mlango ukaacha ufunguo chini ya ndoo pale pale barazani. Mwenye diski anayo yote mawili.

Mwl_Tukuyu

Nimeona mjadala mzuri, huku mvua imetufungia ndani acha nichangie. Nafundisha kompyuta na hili ni somo ambalo vijana wanalipenda wakishalielewa.

Mfano wa unga ni mzuri, ila una pengo moja, fundi utaniruhusu. Unga wa gunia ni mwingi kuliko wa kisado, ukiuona tu unajua mtu alikuja na kiasi gani. Hashi haiko hivyo. Uweke paswadi ya herufi mbili au ya herufi sitini, NTLM itakupa alama 32 tu siku zote, na ukibadilisha herufi moja tu zinabadilika karibu zote, kwa hiyo ukiitazama hupati hata fununu ya urefu. Hii ni muhimu maana watu wanafikiri mwizi akiona hashi atajua "amekaribia". Hakuna kukaribia. Ni imefanana au haijafanana.

Sasa kwa nini watu walifikia kutunza hashi badala ya paswadi? Kwa sababu walishaumia. Miaka ya 1960 pale chuo cha MIT, Marekani, kulikuwa na kompyuta kubwa ya kutumiwa na watu wengi kwa pamoja, mfumo wake uliitwa CTSS, paswadi zote zilikuwa zimeandikwa waziwazi kwenye faili moja. Siku moja wasimamizi wawili wakawa wanahariri kwa wakati mmoja, mmoja anahariri tangazo la siku, mwingine faili la paswadi, na programu ya kuhariri ilikuwa inatumia faili la muda lenye jina moja kwa wote. Mafaili yakabadilishana. Kila mtu aliyeingia siku hiyo, badala ya kusomewa tangazo, akaletewa paswadi za watu wote kwenye mashine yake. Hakuna aliyeiba kitu hapo. Ilikuwa bahati mbaya ya kazi, na ndo ujue kuwa kitu kikishaandikwa waziwazi kinasubiri tu siku ya kuvuja.

Waliotengeneza Unix, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, wakaja na njia nyingine. Robert Morris na Ken Thompson mwaka 1979 waliandika wakieleza jinsi walivyofika hapo: usitunze paswadi, isage, na isage polepole makusudi. Wao walitumia msimbo wa DES wakaurudia mara 25 ili kila jaribio liwe na gharama. Na kabla ya kusaga wakaongeza chumvi, biti 12, yaani aina 4096. Chumvi ni herufi za kubahatisha anazopewa kila mtumiaji, zinachanganywa na paswadi yake kabla ya kusagwa, na zinaandikwa waziwazi pembeni ya hashi. Si siri. Kazi yake ni kwamba watu wawili wenye paswadi moja wasiwe na unga unaofanana, na mwizi asiweze kusaga orodha yake mara moja akaitumia kwa dunia nzima. Anatakiwa aanze upya kwa kila chumvi.

Lakini mfumo ule ulikuwa unasoma herufi nane tu za mwanzo, zinazobaki unaandika bure. Basi kuna watu walipata faili la zamani la BSD, ambayo ni aina ya Unix, lenye hashi za wale wazee, wakazivunja karibu zote, ya Ken Thompson mwenyewe ikagoma. Mwaka 2019 ndo ilifunguka, baada ya zaidi ya siku 4 kwenye kadi ya picha: p/q2-q4! Ni hatua ya kuanzia mchezo wa sataranji, imeandikwa kwa mtindo wa kizamani. Herufi nane kamili. Mimi huwa nawaonyesha wanafunzi hiyo, wanakaa kimya darasa zima.

Mwanachuo_Iringa

Mwalimu shikamoo. Mi natumia Ubuntu (aina ya Linux, si Windows) kwenye laptopu, hiyo chumvi naionaje? Nimefungua /etc/passwd nimekuta kwenye nafasi ya paswadi kuna x tu, kwa watu wote. Afu nikaingia kama ruti (msimamizi mkuu wa mashine) nikafungua /etc/shadow nikapata huu mstari wangu:

(nimeufuta, tazama majibu hapo chini)

Fundi_Makambako

Dogo FUTA HUO MSTARI HARAKA. Hiyo ndo hashi yako, umetuletea unga wote mezani, mtu yeyote hapa anaweza kwenda nao nyumbani akasaga taratibu mpaka asubuhi na wewe hutajua. Futa, afu badilisha paswadi sasa hivi, usingoje kesho. Na kama unaitumia hiyohiyo kwenye imeili badilisha na huko.

Mwanachuo_Iringa

Nimefuta na nimebadilisha mkuu, asante sana, sikujua kabisa. Nilidhani kwa kuwa haisomeki basi haina shida.

Mwl_Tukuyu

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kubadilisha, na swali lako ni zuri sana.

Ile x maana yake "haipo hapa, nenda shadow". Zamani hashi zilikaa /etc/passwd yenyewe, na lile faili lazima lisomwe na kila mtu kwa sababu programu nyingi zinalihitaji kujua namba fulani ni ya jina gani, folda yake ya nyumbani iko wapi, vitu kama hivyo, safu saba zimetenganishwa kwa nukta mbili. Kompyuta zilipokuwa na kasi ndogo haikuwa taabu. Zilipopata kasi, mtumiaji yeyote wa kawaida akawa anaweza kukopi hashi za wenzake wote na kuzivunja kwao. Ndipo zikahamishiwa /etc/shadow ambayo mtumiaji wa kawaida hawezi kuisoma. Utajiuliza basi mtumiaji wa kawaida anabadilishaje paswadi yake kama hawezi kugusa hilo faili? Amri ya passwd ina ruhusa maalumu, yeyote anayeiita inafanya kazi kwa mamlaka ya ruti, ila kwanza itakuuliza paswadi yako ya sasa, na itakuruhusu kugusa mstari wako tu.

Kwenye shadow safu ya pili imegawanywa kwa alama ya dola. Hiyo inakuonyesha njia ya kusaga iliyotumika. Ukiona inaanza na $1$ hiyo ni MD5, ya zamani, usiitumie. $5$ ni SHA-256, $6$ ni SHA-512 ambayo kwa kawaida inazungushwa mara 5000, na $y$ ni yescrypt, ndiyo Linux za Debian 11 na Ubuntu 22.04 zinayotumia. Baada ya hapo inafuata chumvi (kwa $y$ kuna kipande cha mipangilio kinachoitangulia), na mwisho kabisa hashi. Hiyo yescrypt inakula pia kumbukumbu nyingi makusudi, ili zile kadi za picha zenye kasi zisipate faida kubwa. Ukikuta alama ya mshangao au nyota badala ya hashi, akaunti hiyo haiingiliki kwa paswadi, maana hakuna unga wowote utakaofanana na nyota. Na ile namba kubwa inayofuata, kama elfu kumi na tisa au ishirini hivi, ni siku toka tarehe 1 Januari 1970 mpaka siku uliyobadilisha paswadi mara ya mwisho. Nenda katazame, uone kama haijawa ya leo.

Mwanachuo_Iringa

Ni ya leo kweli mwalimu! Nimepiga hesabu kwa kalamu.

Mama_Steshenari

Jamani marahaba wote, nasoma taratibu huku nahudumia wateja. Unga nimeelewa, chumvi nimeelewa. Sasa vyeti vyangu? Fundi_Makambako ulisema utaeleza.

Fundi_Makambako

Samahani mama, nilichelewa, umeme ulikatika huku.

Huyo binti ali-klik sehemu ya kufungia folda, inaitwa EFS, Windows Pro inayo. Hiyo si kama paswadi ya kuingilia. Paswadi ya kuingilia ni mlinzi wa getini, anauliza unajibu, na kama umeshapita ukuta kwa flashi mlinzi hana la kufanya. EFS imebadilisha mafaili yenyewe, yamesimbwa, hata ukiitoa diski ukaipeleka kwingine utaona takataka. Na ufunguo wake nao umefungwa kwa kitu kilichotengenezwa kutokana na paswadi ya zamani. Siku fundi alipofuta hashi, Windows ikakuruhusu kuingia, lakini haikuwa na ile paswadi ya kufungulia ufunguo. Ndo kakufuli hako.

Habari njema ni hii. Ule ufunguo bado upo kwenye diski, haujafutwa. Ukiipata paswadi ya zamani, ukairudisha iwe paswadi ya akaunti ileile, vilevile na herufi kubwa zake na ndogo zake, ukatoka ukaingia upya, mafaili yatafunguka. Ndo maana nilisema usipige Windows upya, maana ukipiga ule ufunguo unaondoka na hata binti akikutajia paswadi haitasaidia. Mtafute huyo binti mama, kwa ndugu zake, popote.

Kijana_Mafinga

Sasa na swali lake la mwizi hamjamjibu.

Mwl_Tukuyu

Ni kweli, na ndilo lenye uzito. Mama, mwizi akibeba kompyuta yenye paswadi ya kuingilia peke yake, atafanya alichofanya fundi, au atatoa diski tu aichomeke kwenye mashine nyingine asome kila kitu. Linux pia ni hivyohivyo, mtu akikaa mbele ya mashine anaweza kuiwasha kwa njia ya kuingia kama ruti akabadilisha paswadi, dakika chache. Kinachozuia ni kusimba diski nzima. Windows Pro ina BitLocker, Linux ina LUKS. Hapo mwenye flashi akiwasha anakutana na diski isiyosomeka, hata hilo faili la SAM halioni. Kama kompyuta yako ni ya zamani haina kachipu ka TPM, kale ka kutunza funguo za siri, BitLocker itakataa mwanzoni, mwambie fundi airuhusu kwenye gpedit, sehemu ya mipangilio ya Windows, itakuwa inakuomba paswadi kila unapowasha.

Itakupa namba ya uokoaji yenye tarakimu 48. Hiyo iandike kwenye karatasi, karatasi ikae nyumbani, si dukani wala si ndani ya kompyuta hiyohiyo. Nasisitiza hapa kwa sababu nimewahi kumwona mtu mzima analia, aliipoteza na diski ikafungwa na kazi zake zote za miaka.

Mama_Steshenari

Jamani nimerudi. Binti kapatikana. Nilikwenda mpaka kwa shangazi yake Uyole, wakampigia kwa namba mpya, alikuwa amebadilisha laini. Maskini aliomba msamaha mpaka nikamwonea huruma. Kanitajia paswadi, herufi kumi na sita, kuna herufi kubwa katikati ambayo peke yangu nisingeikisia hata kwa mwaka.

Nikafuata kama fundi alivyosema. Nikaiweka iwe paswadi ya akaunti, nikatoka, nikaingia. Mikono inatetemeka. Nikabonyeza faili la kwanza likafunguka, la pili likafunguka, nikayafungua yote mpaka la mwisho. Nimekopi yote kwenye diski ya nje, naye fundi wa Mwanjelwa kanitolea ule ufunguo wa EFS nimeuweka kwenye flashi na paswadi yake, iko nyumbani kabatini. BitLocker tunaweka Jumapili duka likifungwa, daftari la kuandikia zile tarakimu 48 nimeshanunua.

Faili la kwanza lililofunguka lilikuwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa jirani yangu hapa Soweto, mama yake alikuwa amekuja mara tatu kukiulizia. Nimemtumia ujumbe, anakifuata kesho asubuhi.